Shingo ya Tandala

Mwinyihaji alikuwa mfupi, na hakupenda kukumbushwa. Ukimwona kwa mbali katika njia ya stesheni ya Voi, kofia yake ya viua na kikoi chake cha mistari, ungedhani ni kijana wa chuo ametumwa sukari. Ukimkaribia ukakiona kisu kilichofungwa kiunoni ndani ya ala ya ngozi, ulijua ni nani, ukamwamkia kwa adabu. Voi ile ya mwaka 1912, na maduka yake ya mabati na msikiti wake wa udongo, ilikuwa ikila kwa mkono wa mtu huyu. Ng'ombe, mbuzi, kuku wa mgeni, hata kanga aliyenaswa mtegoni: kama koo lake halikupitiwa na kisu cha Mwinyihaji, kuna watu hawakunawa mikono.

Watu wa reli walimkuta Vanga, wakamchukua kubeba mataruma, na reli ilipofika Voi yeye akashuka akasema hapa panamtosha. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka mitatu Kisimayu kwa Msomali mmoja mchinja ngamia, na huko ndiko mkono wake ulikofundwa. Alijisifu? Alijisifu mpaka wake za watu wakawa wanamwiga kisimani. Lakini kuna sifa yake moja ambayo hakuna aliyethubutu kuitia doa: Mwinyihaji hakuwahi kumlisha mtu kibudu. Mnyama aliyetangulia kukata roho, kwake alikuwa mfu, awe amekufa jana au amekufa sasa hivi na mwili bado una joto. Hata mwenye mnyama akimlilia, yeye alikifuta kisu chake akaenda zake.

Basi mwaka huo alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, Saadiya. Mposaji alitoka Mombasa, mtoto wa Maalim Ishaq, mwalimu wa chuo, mtu mrefu mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uiinamie ndipo uisikie. Maalim alipokuja kuposa alikula kwa Mwinyihaji, akanawa, akashukuru, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba siku ya harusi atakuja na mbuzi wake wawili ndani ya treni, maana anajua huku bara chakula ni taabu, na asingependa kuwatia wenyeji mashakani. Mimi nasema alikusudia wema. Mwinyihaji alisikia tusi.

"Mkwe," alimwambia, "wewe njoo na mdomo wako tu. Kila sinia litakuwa na nyama, na nyama itakuwa ya mkono wangu."

Wanaume na vinywa vyao! Wiki tatu kabla ya siku yenyewe ugonjwa wa mifugo ukaingia katika njia ya reli. Serikali ikapiga karantini: ng'ombe asiswagwe, mbuzi asivushwe, si wa kwenda si wa kuja. Kulabu za bucha zikaning'inia kavu. Mwenye kambuzi kake uani alikaficha chumbani akalala nako. Mwanabibi, mkewe Mwinyihaji, alimshauri mumewe ampelekee Maalim barua siku isogezwe mbele, au basi wapike maharage ya nazi, watu wale, Mungu ashukuriwe. Mwinyihaji akamjibu kwamba maharage ya nazi ni chakula kizuri sana na yeye atayala siku yoyote isipokuwa hiyo.

"Basi utawapikia kiburi chako, baba Saadiya," Mwanabibi alisema. "Tuone kama kitaiva."

Hapo ndipo anapoingia Bwana Miwani. Huyu alikuwa Mzungu mpimaji ardhi, na nyumba yake yenye veranda ilikuwa pale pale njiani, ukitoka stesheni lazima uipite. Alikuwa mtu mtaratibu, hana matusi, hana kiboko, ila alikuwa na wazimu mmoja tu: vichwa vya wanyama. Wakati huo alikuwa anakitaka kichwa cha tandala mdogo, yule wa vichakani, mwenye pembe zilizojisokota na mistari myeupe ubavuni. Shingoni tandala huyo ana mabaka mawili meupe, moja chini ya taya na jingine juu ya kifua, kama mtu aliyemchovya chokaa kwa kidole. Mwaka uliotangulia Bwana Miwani alipata dume zuri, na mchinjaji mwingine, kabla bwana hajafika, akalikata koo sikio hadi sikio katikati ya yale mabaka mawili. Kichwa cha kutundikwa ukutani hutakiwa na shingo yake nzima, na kile kikawa kimeharibika. Inasemekana Bwana Miwani alikaa chini porini akashika tama.

Kwa hiyo safari hii akatangaza kwamba hakuna kuchinja. Leseni yake ilimruhusu tandala wawili, na shingo zote mbili anazitaka nzima. Wapagazi wa Voi, wengi wao Waislamu, waliposikia hivyo wakakataa kwenda: watembee siku tano miibani, wanyama wanauawa mbele yao, na wao wale ugali mkavu? Bwana akakwama na mizigo yake verandani.

Mwinyihaji alikwenda mwenyewe, hakuitwa. Alipanda ngazi, akajishika shingo, akamwonyesha kwa kidole: hapa chini kabisa, katika kishimo shingo inapokutana na kifua, chini ya lile baka la pili. Kisu kitaingia kwa urefu, kufuata manyoya, na tundu halitazidi kidole cha kati. Ndani humo kitageuka kulia na kushoto, kitakata njia ya pumzi na njia ya chakula, basi. Ndivyo wanavyochinjwa ngamia kwa sababu ya shingo zao ndefu, na dini haina ugomvi na hilo. Ukishonwa uzi pale, hata mama yake tandala hatajua. Na yeye Mwinyihaji ujira wake hautaki. Anataka nyama ya tandala mmoja, yote, kwa harusi ya binti yake. Bwana Miwani akavua miwani, akaifuta, akakubali. Wapagazi waliposikia mchinjaji yumo safarini, nao wakabeba mizigo.

Jumapili walishuka treni Maungu, wakashika njia ya kusini kuuelekea mlima Kasigau. Harusi ilikuwa Ijumaa. Msaka nyayo wao aliitwa Mwandoe, mtu wa Rukanga, chini ya mlima huo, aliyezaliwa na upinde mkononi. Mwandoe hakuwa Mwislamu wala mtu wa misheni. Alikuwa na mila za baba yake, na zilimtosha. Yeye na Mwinyihaji walijuana miaka, maana alikuwa akileta asali Voi, na kila wakionana ilikuwa utani. Mwandoe alimuuliza kama mwaka huu amerefuka. Mwinyihaji akamwambia ashukuru, kwa ufupi huu miiba inampita juu, yeye Mwandoe ndiye anayeichana na kipaji chake cha uso.

Nyika ile isikieni tu. Wakati wa kiangazi ni kijivu juu mpaka chini, miiba imeshikana mikono, na chini kuna mkonge mwitu unaokungoja kwenye miundi. Huoni zaidi ya hatua kumi. Na tandala mdogo hapo ndipo nyumbani kwake. Hakimbii ovyo kama swala. Anasimama tu. Ile mistari yake inakuwa vijiti vya jua, pembe zinakuwa matawi, nawe unampita karibu hata ungeweza kumgusa, mara nyuma yako unasikia kibweko kimoja kikavu, unageuka, unaona mkia mweupe chini na vumbi. Mwandoe aliwajua kama mtu anavyowajua majirani wanaomkopa chumvi. Alikuwa akisimama, anainua kidole, na Bwana Miwani anatazama kule kwa dakika nzima bila kuona chochote.

Jumatatu alasiri Bwana alimwona mmoja. Desturi ya msafara ilikuwa mchinjaji akae nyuma pamoja na wapagazi, asije akatia kelele, na bunduki ikilia ndipo akimbie. Bunduki ililia. Mwinyihaji akakaza kikoi akaingia miibani kichwa mbele, akifuata damu na mlio wa matawi yanayovunjika. Tandala mwenye risasi mwilini huweza kwenda mbali sana katika kichaka ambacho mtu mzima kinamzuia kila hatua. Alipomfikia alikuwa amelala ubavu chini ya mchongoma, macho wazi, ulimi nje kidogo. Mwinyihaji akapiga magoti, akasema Bismillahi Allahu Akbar, akapitisha kisu pale pale alipomwonyesha Bwana.

Damu ilitoka. Lakini ilitoka kwa kuvuja, polepole, haikuruka. Akaushika mguu wa nyuma akaungoja upige, na mguu ukabaki mkononi mwake kama wa meza. Mwili ulikuwa na joto kama la mgonjwa wa homa. Alikaa pale amepiga magoti, kikoi kimechanika, mikono imejaa miiba, na alijua tayari. Alichukizwa mno. Nyama ya harusi ilikuwa hapa mbele yake, mafuta tele, na alikuwa amechelewa kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili.

Mwandoe akatokea kichakani. Aliutazama ule mguu, akamtazama rafiki yake, akafahamu kila kitu, maana amekaa na watu wa Voi siku nyingi.

"Sema alikuwa hai," alisema Mwandoe. "Huku tuko wewe na mimi tu. Mimi si mtu wa dini yenu, siwezi kuulizwa. Binti yako ni mmoja."

Mwinyihaji alifuta kisu kwenye majani, upande mmoja, kisha wa pili, akakirudisha alani.

"Ni kibudu," alisema. "Mchukue wewe. Wapelekee watu wako wa Rukanga, yeyote ambaye haimkatazi dini yake."

"Wote?"

"Na maini yake."

Wapagazi walipopewa habari walinung'unika vibaya. Jioni ile walikula ugali na maharage huku upepo ukiwaletea harufu ya nyama iliyokuwa ikichomwa na watu wa Rukanga waliokuja kumchukua tandala wao, na mpagazi mmoja aliuliza kwa sauti ya juu kama kisu cha Mwinyihaji kimeletwa kwa ajili ya kuwafungisha Ramadhani kabla ya wakati. Bwana Miwani shingo alikuwa ameipata nzima, lakini pembe zilikuwa fupi, hazikutimiza mizunguko aliyoitaka, hakufurahi sana. Amebaki tandala mmoja katika leseni, na siku mbili.

Jumanne walizunguka kutwa, hawakuona hata mavi ya tandala.

Lakini Mwinyihaji hakuwa mtu wa kuvunjika moyo, na kutwa hiyo yote, akitembea nyuma na wapagazi, alikuwa akijigombeza mwenyewe kama anavyomgombeza mwanafunzi. Kosa aliliona. Maisha yake yote alichinja wanyama waliofungwa kamba, wanaomngoja. Huku porini alikuwa anakimbizana na mauti, na mauti yana miguu mirefu kuliko yake. Basi asimfuate tandala. Amngoje. Akamwendea Mwandoe akamuuliza: tandala akipigwa, hukimbilia wapi? Mwandoe akasema hukimbilia pazito, hukimbilia kwake. Wana vijia vyao ndani ya vichaka, vimekuwa kama mapango kwa kupitwa kila siku, na mwenye jeraha hana akili ya kutafuta njia mpya.

"Nionyeshe mlango wa mmoja wao," Mwinyihaji alisema.

Mwandoe alikataa, akasema risasi haina macho. Bwana Miwani naye alikataa, akasema hataki kurudi Voi na mchinjaji aliyechinjwa. Mwinyihaji akawachosha wote wawili kwa maneno mpaka usingizi ukawashika. Walikubaliana hivi: pale mbele ya kijia palikuwa na kichuguu kikubwa, kimekauka kama matofali. Yeye atalala nyuma yake, na hatainua kichwa mpaka bunduki ilie. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifurahi kuwa mfupi, maana kichuguu kilimtosha.

Jumatano kulipopambazuka alikuwa amelala hapo kifudifudi, siafu wawili ndani ya fulana, kisu mkononi. Hakuwaua siafu. Alilala akiwaza mkwe wake na sauti yake ya chini, na wale mbuzi wawili wa treni. Alimwaza Saadiya, ambaye tangu karantini iingie hakumuuliza baba yake hata neno moja kuhusu nyama, na kimya hicho kilimuuma kuliko maneno ya mama yake. Kisha alisikia kibweko, na juu ya kibweko bunduki.

Kichaka kikapasuka. Dume lilikuja moja kwa moja, kama alivyosema Mwandoe, kichwa limelaza nyuma pembe ziguse mgongo ili zisishikwe na matawi, damu begani. Hatua nne mbele ya kichuguu magoti yakalishinda. Mwinyihaji alimrukia. Alizishika pembe kwa mkono wa kushoto, tandala akakirusha kichwa, na bwana yule mfupi akatoka ardhini miguu yote miwili akarudi chini juu ya shingo yake, hakuachia. Akataja jina la Mungu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wapagazi. Kisu kikaingia chini ya baka la pili, kikageuka kulia, kikageuka kushoto. Damu ikaruka ikamjaa uso na kofia. Miguu ya nyuma ilipiga, ikapiga tena, ikachimba ardhi, vumbi likawafunika wote wawili, na ndani ya vumbi hilo Mwinyihaji alikuwa anacheka peke yake kama mwehu.

Mwandoe na Bwana Miwani walipofika, tandala alikuwa ametulia kabisa na mchinjaji ameketi juu ya kichuguu anatafuta siafu wake. Pembe zilikuwa ndefu, nzuri, zimesokotwa sawasawa hadi ncha. Bwana alipiga goti akapapasa shingo, baka la kwanza, baka la pili, akakitafuta kile kitundu kwa kidole mpaka akakipata. Alimpa Mwinyihaji mkono. Nyama ikakatwa, ikatiwa chumvi, ikapigwa moshi kidogo ili isiharibike, mifupa ya shingo ikaachwa na minofu yake, na Alhamisi wakaibeba hadi Maungu, wakapanda gari la mizigo. Mwandoe alikuja nao, amealikwa harusini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Mwinyihaji, pamoja na akili zake zote, hakuliwaza. Bwana Miwani alipofika nyumbani alikishona kile kitundu, akaipaka ngozi chumvi, akakiweka kichwa juu ya meza pale verandani kikauke, uso umeelekea njiani. Ijumaa asubuhi treni ya Mombasa ikafika. Maalim Ishaq alishuka na mwanawe na watu wao kumi na wanane, wakafuata njia ya mjini, wakaipita veranda. Walikuwa wameshapata habari kutoka kwa wenyeji waliowapokea kwamba karamu ni ya nyama ya tandala, na kwamba huyo pale ndiye tandala mwenyewe. Maalim akasimama. Alitazama baka la chini ya taya, akatazama baka la juu ya kifua, na baina yao manyoya mazima, hapana alama hata ya ukucha. Akaendelea kutembea, na watu wake wakaendelea kutembea wakitazamana.

Nikaha ilisomwa baada ya sala ya Ijumaa, vizuri kabisa. Kisha majamvi yakatandikwa uani kwa Mwinyihaji, masinia yakaja, pilau nyekundu na minofu juu yake, harufu imekwenda mpaka sokoni. Mwinyihaji alisimama katikati na kofia mpya, akimimina maji ya kunawa mwenyewe, akakaribisha. Watu wakanawa. Kisha wakakaa. Watu wa Mombasa walimtazama Maalim, na Maalim alikuwa ameweka mikono yake mapajani. Wenyeji wa Voi walipoona wageni hawaanzi, nao hawakuanza. Watu aliowachinjia miaka yote hiyo walikaa wakitazama masinia.

Iliuma, msidhani haikuuma. Alihisi masikio yake yakiwaka moto. Nyuma ya pazia la mlango aliona ncha za vidole vya Saadiya, vyekundu kwa hina, vimeshika kitambaa.

"Mkwe," Maalim Ishaq alisema kwa ile sauti yake, na safari hii uwanja mzima uliinama kumsikiliza, "nimemwona mnyama wako njiani. Sikuona alipochinjwa."

Mwinyihaji akaeleza. Alieleza bila kubabaika, akajishika shingo yake mwenyewe, akataja Kisimayu, akataja ngamia, akasema aende mtu yeyote mwenye kidole apapase chini ya baka la pili. Mtu alitumwa. Walingoja, pilau inapoa, Mwanabibi jikoni amejifunika uso na leso. Aliyetumwa akarudi akasema ni kweli, pana mshono, chini kabisa, wa urefu wa kidole.

Maalim akatikisa kichwa taratibu. Alisema mahali pa kisu hana ugomvi napo, vitabu vinapajua. "Mimi nauliza uhai," alisema. "Mnyama wa risasi, kichakani. Ulipomfikia alikuwa hai? Nani alikuwa nawe?"

"Alikuwa hai. Damu iliruka, miguu ilipiga. Nilikuwa peke yangu."

Hakuapa. Alikuwa na desturi ya kusema kwamba anayeapa juu ya nyama tayari ameshaitilia shaka, na hata siku hiyo hakutaka kuivunja. Alisimama tu na birika mkononi, mtu mfupi uani kwake, neno lake pekee likiwa limewekwa mbele ya watu pamoja na yale masinia.

Aliyeinuka ni Mwandoe. Alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, karibu na ua, na wengi hawakuwa wamemwona. Wazee wa Mombasa walimtazama mavazi yake na masikio yake yaliyotobolewa, na mmoja akaanza kusema kwamba ushahidi wa huyu hauwezi kufaa.

"Mimi sishuhudii hii nyama," Mwandoe alisema. "Hii sikuiona ikichinjwa, nilikuta imekwisha. Na kitabu yenu siijui. Mimi nasema ile ya Jumatatu." Akawaambia. Jumatatu alikuwako tandala mwingine, amenona kuliko huyu. Mwinyihaji alimfikia amekufa sasa hivi, moto bado, na waliokuwa pale ni wao wawili tu. "Nilimwambia, sema alikuwa hai, mimi sitaulizwa. Harusi ilikuwa imebaki siku nne, na hakuna mbuzi. Alinipa yote. Alinipa na maini. Rukanga tumekula siku mbili, na watoto wanamtaja jina mpaka leo." Akamwelekea Maalim. "Kama ni mtu wa kudanganya, mzee, mngekuwa mnakula ile."

Akakaa chini tena mahali pake. Mmoja wa wapagazi wa Voi, yule yule wa maneno ya Ramadhani, alikohoa akasema ni kweli, wallahi, na tumbo lake ndilo shahidi wake.

Maalim Ishaq alikunja mkono wa kanzu yake, mara moja, mara mbili, kwa utaratibu wa mtu asiyetaka kuutia mafuta. Akalivuta sinia karibu.

"Mkwe," alisema, "iko wapi nyama ya shingo?"

Mwanabibi aliileta mwenyewe, katika sahani yake peke yake, mifupa na minofu. Maalim akasema Bismillahi, akachambua pale chini kabisa, shingo inapokutana na kifua, akala. Alitafuna kwa muda mrefu, maana nyama ya tandala dume ya shingo si laini, na hakuna aliyepumua. Halafu akasogea kando kwenye jamvi, akapiga kwa kiganja pale ubavuni pake.

"Kaa hapa, tule."

Mikono ikaingia masinia yote kwa pamoja, uwanja ukajaa kelele. Nyuma ya pazia mtu alicheka akilia, na Mwinyihaji alikijua kicheko hicho tangu kilipokuwa hakina meno. Akaweka birika chini, akaketi ubavuni kwa mkwe wake. Mkono ule uliochinja miaka yote hiyo bila kutetereka, uliomshika tandala kwa pembe na kurushwa naye, ulipochovya ndani ya pilau uliangusha tonge la kwanza. Maalim Ishaq alimfinyangia jingine, akampa.